Bibi Nesi, sindano ya tatu ilinipita. Nianze upya?

Mwezi huu nimepata barua nne zinazohusu chanjo ya homa ya ini B, ile ambayo watoto wetu huipata ndani ya sindano ya penta. Nimezijibu zote pamoja, maana kila mmoja ameuliza jambo ambalo mwenzake pia angepaswa kulijua. Majina ni yale mliyojichagulia wenyewe.

Shikamoo Bibi Nesi. Nina mtoto wa kiume wa miezi tisa. Penta ya kwanza alichomwa akiwa na wiki sita, ya pili wiki kumi. Kabla ya ile ya tatu baba mkwe alifariki, tukaenda msibani Kahama, na kwa sababu ya mambo ya mirathi tukakaa huko miezi mitatu. Tuliporudi niliona haya kwenda kliniki, siku zikaenda. Jirani yangu aliyewahi kuuza duka la dawa ameniambia zile mbili za mwanzo zimeshakufa, lazima nianze moja. Manesi wa kwetu ni wakali na kadi yangu imelowa maji. Nifanye nini? — Mama Junior, Korogwe

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Hazijafa. Mwambie jirani yako kwa upole kwamba chanjo aliyokwisha kuchomwa mtoto haifutiki kwa sababu mama alichelewa. Junior ana mbili, amebakiza moja. Siku ya kliniki ya wiki hii mpeleke achomwe ya tatu, na hapo penta yake itakuwa imekamilika.

Naomba hili ulielewe vizuri ili kesho na keshokutwa umweleze mwingine. Ratiba yetu ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ukihesabu utaona kati ya sindano moja na inayofuata kuna wiki nne. Hizo wiki nne ndizo za chini kabisa. Sindano ya kwanza inauonyesha mwili adui, na mwili unahitaji muda wa kumsoma. Ya pili ikija mapema mno, inaukuta mwili haujamaliza somo la kwanza, kwa hiyo inapotea bure. Nilishampokea mtoto aliyechomwa ya pili baada ya wiki mbili tu, kwa sababu mama alikuwa anasafiri na mtu alitaka kumsaidia. Ile tulilazimika kuirudia. Kuchelewa hakuna adhabu ya namna hiyo. Ukichelewa miezi mitano, unaendelea ulipoishia. Hasara ya kuchelewa ni nyingine kabisa: siku zote hizo mtoto anaishi na kinga pungufu, na akikutana na ugonjwa ndani ya siku hizo, sindano utakayomchoma baadaye haiurudishi ulikotoka.

Ndiyo maana nasema wiki hii, si mwezi ujao.

Mnaniuliza mara kwa mara kwa nini tunamchoma mtoto mchanga chanjo ya ini. Niliulizwa swali hilohilo mwaka 2002, chanjo hii ilipoingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania, wakati huo ikiwa pamoja na ile ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Mwaka 2009 ikaongezwa kinga ya bakteria anayeleta homa ya uti wa mgongo na nimonia, zikawa tano kwenye kichupa kimoja, ndipo tukaanza kuiita penta. Akina mama walikuwa wananiambia, "Nesi, ini ni ugonjwa wa walevi, mwanangu hajui hata ladha ya chai." Nilikuwa nawajibu hivi, na leo nakujibu wewe: kirusi cha homa ya ini B humwonea zaidi mdogo. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake humshinda huyo kirusi. Kati ya watu wazima 100, wasiozidi 5 hubaki naye maisha yote. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa, kati ya 100 takriban 90 hubaki naye. Hatalia, hatapata homa, hatageuka rangi ya manjano. Atakua, atasoma, ataoa, halafu akiwa na miaka thelathini au arobaini tumbo linaanza kujaa maji na daktari anasema ini limesinyaa, au lina saratani. Nimewauguza watu wa namna hiyo wodini. Wengi walikuwa vijana wenye watoto wadogo, na walichokuwa wanakiumwa kiliingia mwilini kabla hawajajua kutembea.

Kwa miezi tisa Junior anatakiwa pia chanjo ya surua na rubela. Usikubali kuambiwa uchague moja. Zote mbili huchomwa siku moja, sehemu mbalimbali za mwili. Atalia zaidi usiku huo, pengine atapata joto kidogo na paja litavimba. Mnyonyeshe, mvalishe nguo nyepesi, na usipake mafuta ya taa wala dawa ya meno palipochomwa.

Sasa kuhusu ukali wa manesi. Hapa nina la kukiri. Mwaka mmoja nikiwa kazini, kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja, alikuja mama kijana na kadi iliyochanika, penta ya pili ikiwa imechelewa miezi miwili. Foleni ilikuwa ndefu, nilikuwa sijanywa hata chai. Nilimsema mbele ya wenzake. Nilimwambia mtoto si mbuzi wa kufungiwa nyumbani. Aliinamisha kichwa, mtoto akachomwa, akaondoka. Hakurudi. Nilimtafuta kwenye rejista mwezi uliofuata, na uliofuata tena, nafasi yake ya penta 3 ikabaki nyeupe. Nilimwomba mhudumu wa afya wa kijiji amfuate nyumbani, akaambiwa wamehama. Ile nafasi nyeupe niliiandika mimi. Tangu siku hiyo neno langu la kwanza kwa mama aliyechelewa likawa, "Umefanya vizuri kuja," na sikulibadilisha mpaka nilipostaafu.

Kwa hiyo nenda. Akitokea wa kukusema, mwache aseme, wewe mwoneshe paja la mtoto. Kadi kulowa si kosa, rejista ya kliniki ina jina la Junior na tarehe zake, waombe wakuandikie nyingine. Na kama utaambiwa urudi kesho kwa sababu watoto hawajatimia kufungua kichupa, uliza kwa heshima ni kichupa gani. Cha surua kikishafunguliwa kinatupwa baada ya muda wa saa sita, hivyo manesi huogopa kukifungua kwa ajili ya mtoto mmoja. Penta ni ya maji tayari, na kichupa kilichofunguliwa kikitunzwa vizuri kwenye friji kinaweza kutumika hadi siku 28. Ya penta usirudishwe nayo nyumbani.

Bibi Nesi, habari za siku. Mdogo wangu tuliyeishi naye nyumba moja amefariki kwa saratani ya ini akiwa na miaka 41, na hospitali walisema chanzo ni homa ya ini B. Tumepima wote nyumbani, tumekutwa hatuna. Binti yangu ana miaka 14, anaingia kidato cha kwanza bweni, kadi yake iliungua moto pamoja na nyumba. Daktari amesema apewe dozi tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Bweni hawatoki ovyo. Mdogo wake wa miaka minane ana kadi kamili, penta zote tatu. Naye aongezewe, au ile ya utotoni imekwisha nguvu? — Baba Neema, Sengerema

Pole kaka yangu kwa kumpoteza mdogo wako, na nakupongeza kwa kupima nyumba nzima. Familia nyingi huzika na kunyamaza.

Nianze na huyu wa miaka minane kwa kuwa jibu lake ni fupi. Haongezewi. Aliyemaliza dozi tatu utotoni ana kinga inayodumu angalau miaka 20 hadi 30, na huenda ni ya maisha. Mtu akimpima kingamwili kwenye damu anaweza kukuta zimeshuka, halafu akakuuzia sindano ya nyongeza. Kushuka huko ni kawaida. Mwili una kumbukumbu, na kirusi akigusa tu mlango, kingamwili zinatengenezwa upya. Hela hiyo mnunulie daftari.

Neema kwanza mtafutie rekodi. Alizaliwa wakati penta ipo kwenye ratiba, kwa hiyo inawezekana kabisa alichomwa. Nenda kituo alichokuwa anapimwa uzito, omba rejista ya mwaka aliozaliwa. Ukizikuta tatu, kazi imeisha. Usipopata maandishi, kumbukumbu ya mama peke yake haitoshi, tunamhesabu hajachanjwa. Kama kumbe alishachanjwa na akachomwa tena, hakuna madhara. Chanjo hii haina kirusi hai ndani yake, ni kipande tu cha gamba lake, haiwezi kumletea ugonjwa hata akichomwa mara sita.

Ratiba ya daktari ni sahihi, na bweni lisikutishe. Umri huu nauogopea sana kuliko watu wanavyodhani. Bweni ndipo wembe mmoja unanyoa wanne, pini moja inatoboa masikio ya chumba kizima, na mswaki wa rafiki unatumika asubuhi ya haraka. Kirusi huyu anakaa hai kwenye damu iliyokauka nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hata kama damu yenyewe haionekani kwa macho. Na miaka michache mbele yake kuna mambo ya kimwili ambayo wazazi hatupendi kuyasema, nayo pia ni njia yake. Kula sahani moja, kushikana mikono, kukumbatiana na kukohoa si njia zake. Naomba uyaseme haya hata mbele ya ndugu waliomtenga marehemu, kama wapo.

Chukua kalenda ya shule. Ya kwanza achomwe mwanzoni mwa Januari, kabla hajafunga sanduku. Ya pili inatakiwa Februari. Andika barua kwa mkuu wa shule, matroni ampeleke kituo cha jirani, ni kazi ya asubuhi moja. Ikishindikana kabisa, subiri likizo fupi ya mwishoni mwa Machi au Aprili. Ya tatu achomwe mwanzoni mwa Julai, kabla likizo ya katikati ya mwaka haijaisha. Hapo umeacha wiki zaidi ya nane kati ya ya pili na ya tatu, na zaidi ya wiki 16 kati ya ya kwanza na ya tatu, ambazo ndizo nafasi za chini kwa umri wake. Dozi ya tatu usiiwahishe kwa sababu ya haraka za shule. Ikisogea hadi Desemba, bado ni ya tatu.

Wazazi wengi huwalipia watoto mbili za kwanza, halafu ya tatu inasahaulika, kwa kuwa miezi mitano ni mirefu na kijana haumwi. Ile ya tatu ndiyo inayoipa kinga miaka. Weka tarehe yake kwenye simu yako, ya mama yake, na kwenye mlango wa kabati. Kwa umri wa Neema chanjo hii mara nyingi hulipiwa, kwa hiyo uliza bei ya dozi zote tatu kabla ya kuanza, utenge hela ya Julai tangu Januari. Achomwe begani. Asichomwe makalioni, kule mafuta huizuia isifanye kazi ipasavyo.

Salamu Bibi kutoka Columbus, Ohio. Mwanangu alizaliwa Dar es Salaam, akapata penta zote tatu kwa tarehe zake kabisa, wiki 6, 10 na 14. Tumefika huku, shule imesema ya tatu ya homa ya ini B haihesabiki, arudie. Mume wangu amekasirika, anasema wanatuona Waafrika tuna chanjo bandia. Mimi pia imenichoma. Chanjo yetu ina kasoro? — Mama Imani

Haina, binti yangu, na mwambie mumeo atulize moyo. Chanjo ni nzuri, ila kanuni za nchi mbili zimekutana kwenye bega la mtoto wako.

Huko Marekani wanataka dozi ya mwisho ya homa ya ini B isichomwe kabla mtoto hajatimiza wiki 24, kwa sababu kingamwili hupanda zaidi ikichomwa baadaye. Ya kwenu ilikuwa wiki ya 14, kwa hiyo kwa hesabu yao ni mapema, hata kama ingechomewa hapohapo Ohio. Sisi tunafuata ratiba ambayo Shirika la Afya Duniani linaikubali, na ina sababu yake: mtoto wetu analetwa kliniki mara nyingi zaidi miezi ya mwanzo, na kifaduro hakisubiri miezi sita. Tukisogeza ya mwisho mbele, wengi hawataipata kabisa. Watoto waliochanjwa wiki 6, 10 na 14 wana kinga, mimi sina shaka nayo.

Lakini mchome hiyo moja. Itamwongezea kinga, haitamdhuru, na mtoto ataingia darasani. Zile mbili za mwanzo wanazihesabu, kwa hiyo asianzishwe upya zote tatu. Akitokea wa kusema hivyo, mwoneshe kadi ya Tanzania na umwombe aangalie tarehe. Hiyo kadi usiitupe kamwe. Ipige picha leo.

Shikamoo Bibi. Nina mimba ya miezi saba. Kliniki wamenipima homa ya ini B wamesema ninayo, wakaniandikia tu kwenye kadi. Mama mkwe anasema nisinyonyeshe. Nimelia siku tatu. Mtoto atazaliwa nayo? — Anayesubiri, Kasulu

Marahaba mwanangu. Futa machozi usome taratibu, kwa sababu wewe kati ya hawa wanne ndiye mwenye saa inayokwenda, na bado una muda.

Mara nyingi kirusi hampati mtoto tumboni, humpata wakati wa kuzaliwa, damu zinapokutana. Hiyo ndiyo nafasi yetu ya kumzuia. Mtoto wa mama mwenye homa ya ini B anatakiwa achomwe chanjo ya homa ya ini B peke yake, si penta, ndani ya saa 24 tangu azaliwe, na kila saa inayopungua ni faida yake. Penta haiwezi kuchukua nafasi hiyo kwa kuwa mtoto mchanga hachomwi penta kabla ya wiki sita, na wiki sita kwa huyu ni kuchelewa mno.

Usisubiri uchungu ndipo uulize. Wiki hii nenda hospitali ya wilaya, uonane na daktari mwenyewe, umwulize mambo mawili. La kwanza, je, kipimo changu kinaonesha virusi ni vingi kiasi cha kunianzishia vidonge vya tenofovia sasa, ili vipungue kabla sijajifungua? La pili, chanjo ya kuzaliwa ipo hapa, na kama haipo, ipo wapi? Si kila kituo huwa nayo. Kama ipo mji mwingine, panga kujifungulia huko, au mtu wa nyumbani aagizwe mapema namna ya kuipata ikiwa kwenye ubaridi wake, nyuzi 2 hadi 8. Isigande. Chanjo hii ikigandishwa imekufa, hata kama ikiyeyuka inaonekana nzima. Waulize pia kuhusu sindano ya kingamwili zilizo tayari, ambayo hutolewa pamoja na chanjo mahali inapopatikana, vizuri ndani ya saa 12. Isipopatikana usikate tamaa, chanjo peke yake ikiwahi huwaokoa watoto wengi.

Kwenye mkoba wako wa kujifungulia, juu ya khanga na nguo za mtoto, weka karatasi: "Mama ana homa ya ini B. Mtoto achomwe chanjo leo." Mkabidhi mkunga mkononi, hata kama kwenye kadi imeandikwa. Zamu zikibadilika usiku, kadi husomwa asubuhi.

Baada ya hapo anaendelea na penta kama watoto wote, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ile ya kuzaliwa ni ya kwanza, hizi ni tatu za juu yake, na kwa mtoto wako hakuna hata moja ya kusogeza. Akiwa na miezi tisa hadi kumi na miwili apimwe damu, mjue.

Na unyonyeshe. Mwambie mama mkwe Bibi Nesi amesema kwa heshima zote, maziwa ya mama hayazuiwi kwa ugonjwa huu. Chuchu ikipasuka na kutoa damu, pumzisha upande huo mpaka upone, mpe mwingine. Mumeo naye apimwe, na akikutwa hana, achanjwe.

Ukishajifungua niandikie. Uniambie mtoto alizaliwa saa ngapi, na saa ngapi alichomwa.